Kopo la Babu: Shajara ya Noti 38 za Vita

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amekuja dukani baada ya alasiri, amefunga, jasho linamtoka, kakumbatia kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba. Toa watu kwanza." Nikawatoa watu, yaani mteja mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi ya cheti cha kuzaliwa.

Ndani ya kopo, noti. Ni za marehemu Babu, ambaye alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Uhabeshi, kisha Bama (Burma, leo Myanmar), akarudi Tanga na mguu mmoja mzito na kopo hili. Nyingine humo ni za baba yake, za enzi za Mjerumani. Kopo lilikaa uvunguni kwa Bibi, likahamia kabatini kwa Shangazi, na lingeendelea kukaa huko kama kwenye kundi la WhatsApp la ukoo pasingeingia ujumbe kwamba noti za zamani zinanunuliwa kwa mamilioni. Mjukuu wake mmoja keshaanza kuulizia bei ya pikipiki.

Nimemwomba muda. Nizitambue moja moja, nizitie mahali ambapo hazitazidi kuharibika, ndipo tuongee habari ya kuuza. Nimesema miezi mitatu. "Miezi mitatu ya kuhesabu karatasi?" Amekubali kwa sharti kwamba kopo halilali dukani. Ana haki, paa la duka langu la steshenari hapa Ngamiani linavuja na yeye analijua.

Hesabu ya leo usiku: noti 38. Mbili zimegandana. Tatu zimetobolewa na pini iliyooza kwa kutu. Mende wamekula kingo za kama kumi hivi. Kopo lenyewe lina kutu ndani na linanuka dawa ya nondo mpaka kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Machi

Kanuni ya kwanza imetungwa baada ya futari: mkono ulioshika tende haugusi noti. Sabuni, maji, taulo, subiri ukauke kabisa. Kanuni ya pili: hakuna kuandika chochote juu ya noti. Kila moja imepata bahasha yake na namba kwa penseli, 1 hadi 38. Kalamu ya wino nimeifungia dukani.

Sijaosha kitu, sijapiga pasi, sijanyoosha kona. Dada yangu amenishauri nipitishe kifutio kwenye madoa. Dada yangu hafahamu kwamba doa lenyewe ni habari.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeanza na fungu kubwa, lile ambalo Shangazi analiita "pesa za Mjapani". Safari hii hakukosea. Juu zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba Serikali ya Japani inaahidi kumlipa mwenye kuishika, basi. Hakuna jina la benki, hakuna sahihi, hakuna mwaka. Nyingi hazina hata namba za mfululizo, ila herufi tu.

Herufi hizo ndizo ufunguo. Japani ilipovamia nchi za Asia mwishoni mwa 1941 na mwaka 1942 ilikuja na noti zilizokwisha kuchapwa, na noti za kila nchi zilipewa herufi yao ya kuanzia: B ni Bama, M ni Malaya, P ni Ufilipino, S ni visiwa vilivyokuwa vya Mholanzi ambavyo leo ni Indonesia, na O ni visiwa vya bahari ya Pasifiki. Herufi inayofuata inataja toleo. Kwa hiyo hata noti ikiwa imechakaa mpaka maneno hayasomeki, herufi mbili zikibaki unajua ilikusudiwa kutumika wapi. Nilikaa sakafuni na lenzi ya fundi saa, nikazipanga kama karata.

Matokeo: 21 zinaanza na B. Kuna nusu rupia, rupia 1, rupia 5 na rupia 10. Hizo hazina fumbo. Wanajeshi wa Tanganyika walikuwemo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope na kufika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwezi Desemba. Mjapani alipokuwa akirudi nyuma pesa zake zilibaki njiani hazina wa kuzitaka, na askari akaokota. Babu hakuwa peke yake. Naamini makopo kama haya yapo Handeni, yapo Songea, yapo Kisumu.

Mbili zinaanza na M. Moja ni dola 10 ya Malaya yenye picha ya mgomba, na mgomba wenyewe una mkungu. Watu wa kule waliziita pesa za ndizi, kwa picha hiyo na pia kwa kejeli, maana Mjapani alizichapa bila kipimo mpaka hazikununua kitu. Babu hakufika Malaya. Nadhani alibadilishana na mtu kambini, na mtu wa Tanga akiona mgomba ataacha?

Jumanne, 18 Machi

Leo sina hamu ya kuandika, lakini shajara isiyoandika mabaya ni tangazo la biashara.

Niliziacha bahasha tatu mezani dukani nikaenda kuswali adhuhuri. Binamu yangu anayenisaidia, kijana mwema, akaona noti kuukuu inayochanika, akaona na mashine ya laminesheni imeshapata moto. Akanisaidia. Nimerudi nakuta bahasha namba 17, rupia 10 ya Bama, imo katikati ya karatasi mbili za plastiki, inang'aa kama kitambulisho cha mwanafunzi.

Kwa asiyejua: laminesheni haifungui. Ile gundi huyeyuka kwa joto na kuingia kwenye nyuzi za karatasi. Ukiivuta plastiki inaondoka na uso wa noti. Watu hunijia kila siku na vyeti vya ndoa, hati za viwanja, picha za marehemu wao, wanasema "ipige laminesheni isiharibike", na kwa miaka sita nimepokea hela zao. Hilo nalo limenikaa kooni.

Noti hii nyuma yake ina maandishi ya penseli kwa herufi za Kiarabu. Yanaonekana bado. Nimeiskani hivyo hivyo, mbele na nyuma. Shangazi sijamwambia.

Jumamosi, 22 Machi

Za Mjerumani. Hapa nitakaa kidogo.

Kopo lina noti nne ndogo za karatasi hafifu, zimechapwa kama risiti. Kichwani: *Interims-Banknote*. Katikati: *Eine Rupie*. Benki iliyozitoa ni Deutsch-Ostafrikanische Bank, na mahali pametajwa Daressalam/Tabora. Tatu zina tarehe 1 Novemba 1915, moja 1 Februari 1916.

Nimezoea kuona picha za noti za Mjerumani za kabla ya vita, zile za mwaka 1905: rupia 5 ina simba wawili, rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam, rupia 50 na 100 zina Kaiser mwenyewe na masharubu yake. Zilichapwa Leipzig kwa ufundi wa hali ya juu. Sasa weka hizi nne pembeni yake. Ni kama mtu aliyezoea kuvaa kanzu ya hariri umemkuta na kaniki.

Sababu ipo hapa hapa kwetu. Novemba 1914 Waingereza walishuka Raskazone wakapigwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, na nyuki nao wakawauma. Hiyo kila mtoto wa Tanga anaijua. Lakini baharini Mwingereza ndiye aliyekuwa bwana. Alifunga pwani, na noti mpya wala sarafu hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilijaribu kupenya. Ikakimbizwa na manowari Hyacinth, ikapanda mchangani katika ghuba ya Manza, kaskazini kidogo tu ya hapa. Wajerumani waliokoa bunduki na risasi nyingi kutoka kwenye meli ile, ila bunduki hailipi mshahara wa askari wala hainunui mtama wa mkulima. Mwaka huo huo benki ikaanza kuchapa noti za muda humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Nimezipima unene kwa vidole: kati ya nne hizi hakuna mbili zilizo sawa. Moja ni ngumu kama jalada la daftari.

Mwaka 1917, Mjerumani akiwa ameshapokonywa reli na miji yote mikubwa na anakimbia kusini porini, walitengeneza noti kwa mihuri ya mpira, herufi moja moja, kama mwanangu anavyochezea ile seti ya mihuri ninayouza dukani. Wakusanyaji huziita noti za porini. Kopo la Babu halina hata moja, nimetafuta mara tatu.

Jambo moja limenichekesha usiku huu. Rupia ya Mjerumani iligawanywa kwa Heller 100, na kutoka kwenye Heller hiyo ndipo tulipopata "hela". Mjerumani kaondoka na rupia yake, katuachia chenji mdomoni.

Noti ya tano ya Kijerumani, ambayo Shangazi aliapa kwamba nayo ni ya Tanga, si ya Tanga. Imeandikwa 50 *Pfennig*, mji wa Naumburg, mwaka 1920, ina picha nyeusi kama vivuli ukutani. Pfennig ni ya Ulaya. Ya huku ni Heller. Na mwaka 1920 hapa hapakuwa na Mjerumani wa kutoa pesa. Wakati wa vita na baada yake miji ya Ujerumani ilikosa chenji, ikajichapia noti zake, na baadaye ikagundua watu wanazikusanya kwa uzuri, ikazidi kuzichapa. Hii lazima ililetwa na baharia. Tanga ilikuwa na mabaharia wa kutosha.

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita, kilo mbili zimeongezeka. Mvua za masika zimeingia kwa kishindo na kazi imehama kutoka kutambua kwenda kuhifadhi, sababu nimeona ukungu mweupe kwenye bahasha namba 30.

Nimenunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, vile vya bei nafuu. Kabla ya kukiamini nimekipima kwa chumvi. Unachukua kifuniko cha soda, unajaza chumvi ya mezani, unatia matone ya maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke. Unaweka pamoja na kipima katika mfuko usioingiza hewa na kuacha usiku kucha. Humo ndani hewa itatulia kwenye asilimia 75, hata kama chumvi ni ya mashamba ya chumvi ya hapa hapa Tanga. Changu kimesoma 70. Basi kila ninachosoma naongeza 5.

Chumbani kwangu leo: 79, yaani 84. Karatasi inataka kama 50, na la muhimu zaidi inataka utulivu, isipande leo na kushuka kesho. Ukivuka 65 kwa siku nyingi ukungu unaanza. Mji wa pwani una mengi mazuri, ila si hili.

Jumatano, 9 Aprili

Plastiki. Dukani nina albamu za picha na mifuko ya vitambulisho ya aina tano, na sikuwahi kujiuliza zimetengenezwa na nini. Inayotakiwa kukwepwa ni PVC: laini, yenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Kwa miaka hutoa mafuta na asidi, noti inakuwa ya kunata na kugeuka rangi. Zinazofaa ni polipropilini, polithini na poliesta. Vyombo vingine vina pembetatu chini: namba 3 ni PVC, namba 5 ni polipropilini. Mifuko laini haina alama.

Kwa hiyo nimefanya jaribio la waya. Uani, upande upepo unakokwenda mbali na watu, kwa sababu moshi wake mbaya. Waya wa shaba uliomenywa, unaupasha kwenye moto wa gesi mpaka mwali usiwe na rangi ya ajabu, unaugusisha kwenye plastiki ili upate kipande kidogo, unaurudisha motoni. Mwali ukiwa wa kijani, ni PVC. Albamu zangu za picha, zile zinazotoka sana msimu wa harusi: kijani kibichi, kama taa ya msikitini. Mifuko migumu ya kadi: mwali wa kawaida. Mikoba ya mafaili yenye matundu: ya kawaida. Nimejitengea mikoba, nimekata na kushona vifuko kwa ukubwa wa noti, upande mmoja wazi ili zipumue.

Albamu nimezitoa rafu ya mbele. Sijui nitazifanyia nini. Mtaji wangu umo humo.

Jumapili, 13 Aprili

Pini. Usivute. Nimetelezesha kipande cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi, nyuma na mbele, nikakuna kutu kidogo kidogo kwa ncha ya kisu mpaka pini ikalegea yenyewe. Saa moja na nusu kwa pini moja. Zile mbili zilizogandana nimeziacha zimegandana. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye maabara.

Jumapili, 20 Aprili

Hofu ya noti bandia. Za Mjapani zimerudiwa kuchapwa mara nyingi, kwa wakusanyaji na kwa watalii. Jirani yangu wakala wa pesa za simu ana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, nimemwazima baada ya kufunga. Hoja yake ni hii: karatasi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 kwa kawaida hazina dawa ya kung'arisha, kwa hiyo chini ya taa hubaki zimefifia, rangi ya maziwa machafu. Karatasi ya kisasa huwaka buluu nyeupe kama shati la mwanafunzi kwenye disko.

Nimezima taa, nimepitisha. Zote kimya, isipokuwa namba 12, nusu rupia ya Bama. Imewaka kote. Moyo ukanidunda, nikaiandika "bandia" kwa penseli kwenye bahasha, nikalala na huzuni.

Asubuhi nimempigia Shangazi nimuulize kama kuna noti iliyoongezwa baadaye. Kacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ilikuwa mfukoni mwa koti la kijeshi la baba. Marehemu mama alilifua na sabuni ya unga, noti ikatoka imepauka. Aligombezwa wiki nzima!" Sabuni ya unga ina dawa ile ile ya kung'arisha. Nimefuta "bandia", nimeandika "ilifuliwa". Herufi zake, vipimo vyake na uchapaji wake vinalingana na wenzake hadi nukta. Taa inajibu swali moja tu, nami nilikuwa nimeiuliza mawili.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, duka limefungwa, nimemaliza zilizobaki haraka.

Sita ni lira za Banca d'Italia. Zina maneno *Serie Speciale Africa Orientale Italiana*, yaani zilitengwa kwa ajili ya himaya ya Mussolini ya Uhabeshi, Eritrea na Somalia. Tarehe ni za 1938. Babu alizipata mwaka 1941, Keya walipomtoa Mwitaliano. Bila maneno hayo zingekuwa lira za kawaida tu.

Tatu ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye mfalme George wa Sita. Moja ni shilingi 5. Mbili ni za shilingi 1, tarehe 1 Januari 1943. Noti ya shilingi moja! Hii ilikuwa dharura ya vita. Hizi ndizo zilizokuwa na pini, na ndizo pekee katika kopo ambazo Babu angeweza kununulia unga siku aliyorudi. Kwa nini hakuzitumia, sijui.

Ya mwisho, namba 38, ina mti kama mnazi na jua linalochomoza: pauni 1 ya Biafra, sehemu ya mashariki ya Nigeria iliyojitenga. Nigeria ilibadilisha noti zake Januari 1968 katikati ya vita, zilizokuwa mikononi mwa Biafra zikawa karatasi, ndipo Biafra ikatoa zake. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Hii Babu aliletewa na rafiki, mwenyewe akaitia na wenzake. Alikuwa keshaelewa kopo lake ni la nini.

Jumamosi, 3 Mei

Habari zimeenea, naona. Leo wamekuja wawili.

Wa kwanza baharia mstaafu wa Chumbageni, ana noti ya Marki yenye *Serie 1944* na maneno ya Kijerumani, lakini anasema aliambiwa ni ya Mmarekani. Yote mawili yanawezekana. Majeshi ya washirika yaliingia Ujerumani na pesa zao zilizoandaliwa mapema. Mmarekani alichapa, Mrusi naye akapewa bamba za kuchapia. Ya Mmarekani ina herufi F ndogo iliyofichwa kwenye mapambo, alama ya mchapaji Forbes wa Boston. Ya Mrusi haina F, na namba yake inatanguliwa na kistari. Tulitafuta F dakika ishirini, mimi na lenzi, yeye na miwani mbili. Kistari kilikuwepo muda wote, mbele ya macho yetu. Ya Mrusi, Mzee. Akasema, "Ndiyo maana niliipata Odessa," kana kwamba hilo halikuwa la kutaja tangu mwanzo.

Wa pili ni mzee wa mtaani, alipigana Uganda 1979. Ana shilingi 20 ya Uganda yenye sura ya Idi Amin. Baada ya Amin kuanguka Aprili mwaka ule, noti mpya zilitoka bila sura yake, na jengo la benki kuu likakaa pale alipokuwa. "Binti yangu, hii nilikuwa naiweka ndani ya kiatu. Nilitaka nimkanyage mpaka nifike Kampala." Alama ya kisigino bado ipo. Nimeitia kifukoni bila kuigusa alama hiyo, na nimemwandikia maneno yake kwenye karatasi pembeni, kwa sababu bila hayo mtu wa baadaye ataona uchafu tu.

Jumamosi, 17 Mei

Kasha limekamilika. Chombo cha polipropilini chenye mfuniko wa kubana, namba 5 chini. Ndani, vifuko vimelala bapa, si wima, vimetenganishwa kwa karatasi za fotokopi ambazo rimu yake imeandikwa haina asidi. Pembeni, kwenye kitambaa chembamba, gramu 300 za zile punje za kunyonya unyevu. Mpya ni za machungwa, zikishiba hugeuka kijani, nami nazikausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Siku ya tatu kipima kilisoma 53, leo 47. Ongeza tano zangu. Kasha liko rafu ya juu, ukuta wa ndani, mbali na jiko na mbali na bomba. Kopo la biskuti lipo pia, tupu, kwenye mfuko wake, kulitupa nimeshindwa.

Nimemwendea mwalimu wa madrasa na skani ya namba 17. Sikumpelekea yenyewe, kwa aibu. Maandishi ya penseli yamepita juu ya mapambo ya noti, nilikuwa nimeongeza ukali mpaka herufi zikajitenga. Amesoma polepole, kidole hewani. Herufi ni za Kiarabu, lugha ni Kiswahili chetu. Ni orodha ya madeni. Mtu na alichokopa: sigara, shilingi 1. Sabuni, senti 50. Sigara tena. Sukari, shilingi 2. Mistari mitatu ya kwanza imekatwa kwa mstari mmoja mnene. Wa sukari haujakatwa.

Kumbe Babu aliichukua rupia 10 ya serikali iliyoahidi kulipa na haikulipa, akaifanya daftari.

Jumapili, 8 Juni

Juzi Idd ya kuchinja, leo Shangazi amekuja na sahani ya nyama, nikamfungulia kasha. Nimemweleza kweli yote: za Mjapani dunia imejaa, bei yake ni ya chai na vitumbua, za Mjerumani zina wanunuzi zaidi, lakini pikipiki haimo. Alisikiliza kimya. Kisha nikatoa namba 17 na kuungama habari ya laminesheni.

Aliigeuza mbele na nyuma, akaipitisha kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ndiyo uliyoitengeneza vizuri. Hizi nyingine umezifungia kama wafungwa." Akaitia kwenye mkoba wake pamoja na kadi ya bima.

Nikamsomea tafsiri ya mwalimu. Nilipofika kwa mtu wa sukari alinishika mkono. Jina analijua; silitaji hapa.

"Ukoo wao uko Pangani mpaka leo," amesema. "Jumamosi panda nami daladala. Tunakwenda kudai."